Fundi Aliyegonga Namba za Wafu wa Lodamia

Aliweka kibati mezani, karibu na kikombe changu cha chai, akakisukuma kwa kidole kimoja mpaka kikafika mbele yangu. Kilikuwa na ukubwa wa kiberiti, kutu imekila pembeni. Namba 214. Chini ya namba, mikato mitatu ya patasi.

"Hii ni yako," Fundi akasema.

214 ilikuwa namba ya kazi ya baba yangu katika shamba la kahawa la Lodamia, upande wa Kitale. Mtu mzima akifa pale, kaburi lake liliwekwa kibati chenye namba yake. Mtoto hana namba, kwa hiyo alipewa ya babake na mkato mmoja chini. Wa pili, mikato miwili. Mkato mmoja ni kaka yangu Wafula. Miwili ni dada yangu Nekesa. Wote tuliwazika wiki moja, nyuma ya bloku ya saba ya kahawa. Mitatu ni mimi. Nilikuwa na miaka minane, nimelala sakafuni natoa povu mdomoni, na kule karakana mtu alikuwa ameshanigongea namba ya kaburi.

"Nyapara alisema nitengeneze mapema, asirudi mara mbili," Fundi akasema. "Wewe ukakataa kufa. Mimi nikaweka kwa mfuko."

Akaendelea, kama mtu anayetaka kumaliza kazi kabla mvua haijanyesha.

"Na ile mapipa ya maji. Ni mimi nilikata."

Hapo nilikuwa nimeshakaa na mzee huyo miaka minne. Nimekula chapati zake. Nimemwosha mke wake mpaka siku mama wa watu alipofariki. Tumetafuta makaburi pamoja, kwenye mashamba ambayo mimi sijawahi kuyakanyaga, kutoka sebule moja ya Southall. Na siku zote hizo alijua mimi ni nani.

Mimi sikusoma. Niliishia darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza. Haya naandika kama ninavyosema, na anayeona nimekosea aandike yake. Lakini majina nitayataja, kwa sababu huyo mzee mwenyewe ndiye aliyenifundisha kuyataja.

Kazi yangu hapa London ni kutunza wazee majumbani. Ajensi inakupangia: huyu nusu saa, yule dakika arobaini na tano, panda basi, kimbia. Nilipelekwa Southall kwa mama mmoja Mpunjabi aliyekuwa amepooza upande mmoja. Siku ya pili nilikuwa namkunjia shuka huku naongea na dada mmoja kwa simu, Kiswahili chetu cha nyumbani. Mlango ukafunguka. Mzee wa kilemba, mrefu, mikono mikubwa yenye makovu ya moto wa kuchomelea.

"Wewe mama ni ya wapi?"

"Kitale."

"Kitale ni kubwa. Shamba gani?"

Nikacheka, maana tangu nije nchi hii hakuna mtu aliyewahi kuniuliza shamba. Wanauliza kama nimeona simba. Nikamwambia Lodamia. Akasimama kidogo. Kisha akauliza namba ya baba. Si jina, namba. Nikamwambia. Akaenda jikoni, nikasikia maji ya chai, na sikumwona tena mpaka nilipovaa koti.

Nilifikiri ni adabu za Kipunjabi. Mjinga mimi.

Alizaliwa Kenya, alikuwa fundi wa mitambo katika mashamba ya wazungu na ya makampuni zaidi ya miaka ishirini. Hayo ndiyo aliyonipa juu yake mwenyewe, na sikuomba zaidi. Watu wote walimwita Fundi, hata wazee wenzake wa pale mtaani, hata mke wake. Nami nikamwita Fundi.

Kazi yake ya uzee ilikuwa kutafuta makaburi ya vibarua. Mashamba makubwa yalichukua watu kutoka mbali, watu wasio na ardhi, na mtu akifa hakuna wa kumrudisha kwao. Alizikwa pembeni mwa shamba. Shamba likiuzwa, mwenye kuuza anasahau. Likiuzwa tena, mnunuzi hajui. Mara ya tatu trekta linapita. Fundi alitaka kila mahali pa namna hiyo pawe pameandikwa kabla wenye kukumbuka hawajaisha, na wenye kukumbuka wengi wako hapa hapa London, wamezeeka, wamekaa mbele ya televisheni.

Mjukuu wake alimpa kompyuta ile bapa ya kushika mkononi. Mjukuu alidhani babu ataangalia kriketi. Babu akawa anaangalia picha za mashamba zilizopigwa kutoka angani, miwani miwili juu ya pua, moja juu ya nyingine.

"Kahawa inapandwa kwa laini," aliniambia. "Trekta inataka laini. Sasa angalia hapa. Laini inakuja, inakuja, inaruka, halafu inaendelea. Kwa nini imeruka?"

"Labda kuna jiwe."

"Jiwe wanalipua. Mtu ndiye hawalipui. Mwanzo."

Hicho kilikuwa kicheko chake, hilo neno "mwanzo." Maana baadaye hata mtu wanamlima.

Mahali laini ziliporuka alipaandika, kisha akaanza kutafuta mtu. Siku zangu za mapumziko nilimsindikiza. Alibeba chupa ya chai yake na sandwichi ya yai, kwenye treni hakununua kitu hata siku moja. Tulikwenda Thamesmead kwa mjane wa dresa wa zahanati ya shamba moja la mkonge. Tulikwenda Tottenham kwa mwanamke anayeuza unga na dagaa sokoni, ambaye babake alichimba makaburi. Yule wa Tottenham alikuwa na mdomo.

"Mzee, nyinyi si mnachomwa? Haya makaburi yetu unayatakia nini?"

"Ndiyo, mimi nitachomwa," Fundi akasema. "Sitaacha hata mfupa wa kuku. Kwa hiyo sina haja ya kudanganya juu ya shimo."

"Basi nunua dagaa."

"Sili samaki."

"Huli samaki, huzikwi. Unafaa kwa nini wewe?"

Fundi alicheka mpaka akashika meza ya watu. Halafu mama yule akaacha kuuza, akakaa juu ya gunia la unga, akasema majina kumi na saba ya watu waliozikwa na babake, na mahali miguu yao ilipoelekea. Wateja walisubiri.

Fundi aliamini kwamba mwili si kitu. Mtu akishaondoka, kilichobaki ni nguo kuukuu. Alinieleza hivyo hata alipokuwa anamlilia mke wake. Lakini huyo huyo angekaa wiki nzima akibishana kwa simu na askari wa lango la shamba fulani kama kaburi la mpishi liko mashariki au magharibi ya mfereji. Nikamuuliza hayo mawili yanakaaje kichwani pamoja. Akasema, "Mimi sitafuti mwili. Natafuta nani alisema mwili uwekwe huko."

Neno asilolipenda kuliko yote lilikuwa "inasemekana." Ukilitamka mbele yake alikuwa anaweka kalamu chini.

"Inasemekana ni mtoto wa nani? Nipe mtu. Nani alisema, alisimama wapi, alikuwa amevaa nini."

Mzee mmoja, karani wa zamani, alimwambia, "Ilitolewa amri." Fundi akamjibu, "Amri haina miguu. Nani aliileta?" Karani akakasirika, akatutoa nje kabla chai haijachemka. Kwenye kituo cha basi Fundi akasema ile ndiyo safari nzuri kuliko zote za mwezi ule, kwa sababu mtu anayekasirika anakumbuka.

Daftari zake zilikuwa za hesabu, za watoto wa shule. Kila ukurasa aliugawa kwa rula mara tatu. Upande wa kushoto: nani amelala. Katikati: nani alichimba. Kulia: nani aliamuru, na nani alitenda. Mwandiko wake wa Kiswahili ulikuwa mbaya kuliko wangu. Alinisukumia daftari, "Wewe andika, wewe una shule," na mimi darasa la nne nikajiona profesa.

Alikuwa mkali kwa wengine na kwangu pia. Nikichelewa dakika tano aliangalia saa ya ukutani mpaka nione aibu. Alikataa kunisemesha Kiingereza hata mbele ya wageni wake wasiojua Kiswahili, akasema Kiingereza ni cha kuandikia barua za kaunsili. Wajukuu wake wanaongea Kiingereza kwake, yeye anajibu Kipunjabi, mimi nakaa katikati na Kiswahili, na chakula kinafika kwa kila mtu. Mikono yake haikutulia. Alinitengenezea kiatu, mwavuli, zipu ya begi. Kitu kikiharibika mbele yake hakuweza kukiacha.

Ukurasa wa Lodamia tuliujaza mwaka ule wa kwanza. Mimi nilitoa majina. Watoto tisa, na Mama Naliaka aliyekuwa na mimba. Yeye alitoa namba zote, moja moja, bila kuangalia popote. Nikadhani ni kichwa kizuri cha fundi; karakana sisi watoto hatukuikaribia, sura yake sikuwa nayo. Upande wa kulia, wa nani aliamuru na nani alitenda, aliuacha mweupe. Nikamwuliza. Akasema, "Hiyo bado." Miaka minne ikawa "hiyo bado."

Sasa niseme kilichotuua.

Pampu ya maji ya laini za vibarua, zile safu za nyumba zetu, iliharibika wakati wa kiangazi. Meneja alikuwa Bwana Trevor Ancaster. Nyapara mkuu alikuwa Erasto Simwa. Mwenye shamba ni Kampuni ya Lodermere, yenye ofisi hapa hapa London, na sisi tulilitamka Lodamia kwa sababu ndilo lililokaa mdomoni. Badala ya kutengeneza pampu haraka, tuliletewa maji kwa trekta, na kila safu ya nyumba ikapewa mapipa ya kuyawekea, yamekatwa juu. Mapipa mazuri, ya kijani, rangi mpya. Sisi watoto tuliyapenda. Nekesa alijitazama ndani ya maji akachana nywele.

Baada ya siku nne Wafula alianza kutetemeka. Dresa akasema malaria. Baada ya siku sita walikuwa watoto watatu katika safu moja, dresa bado anasema malaria. Baba alikwenda ofisini kuomba gari la hospitali, Simwa akamwambia gari liko kazini. Mama yangu alikwenda kwa Ancaster mwenyewe, akapiga magoti kwenye kokoto. Ancaster akamwambia achemshe maji. Mama akayachemsha. Yale yale.

Mimi niliyatapika mapema, hiyo ndiyo bahati yangu. Ninayo mpaka leo mikono inayotetemeka nikishika kijiko, na ajensi wanadhani nakunywa pombe.

Mwaka jana tulisikia Lodermere wanauza shamba, na mnunuzi anataka kung'oa bloku ya saba apande parachichi. Tukaandika barua. Ikajibiwa na mama mmoja, Philippa Strake, anayeshughulikia mambo ya ardhi ya kampuni. Alisema kampuni imepitia kumbukumbu zake na hakuna ushahidi wa makaburi wala wa tukio lolote la sumu. Alisema anaelewa maumivu yangu. Akasema kama yupo mtu aliyekuwa mwajiriwa wa ofisi au karakana wakati huo, mwenye ushahidi wa kujionea mwenyewe, kampuni itamsikiliza kwa kiapo. Akaweka tarehe ya mwisho.

Strake alijua wamekufa wote wa kumjibu, kasoro Ancaster mwenyewe. Simwa amekufa, dresa amekufa, karani wa Lodamia amekufa. Barua ile nilimsomea Fundi pole pole, mara mbili. Aliniambia nirudi Jumapili. Jumapili ndipo alipoleta kibati.

Nirudi sasa kwenye meza ile.

Aliposema aliyakata mapipa, niliuliza kwa kunong'ona, sijui kwa nini, nyumba ilikuwa tupu. "Ulijua yalikuwa na nini?"

"Dawa ya kunyunyizia kahawa. Kila pipa ilikuwa na picha ya fuvu. Mimi nikaenda kwa Ancaster, nikasema hii tunatoboa, tunazika, si ya maji. Yeye akasema osha na sabuni. Nikaosha mara mbili, sabuni na mchanga. Nikasema harufu iko. Akasema paka rangi."

"Rangi ya nini?"

"Ya kufunika picha. Akasema watu wataogopa picha."

Mtu anayesema osha anaweza kuwa mpumbavu. Anayesema funika fuvu si mpumbavu.

"Na wewe ukapaka."

"Nikapaka."

"Na nyumbani kwako, Fundi? Wewe, mke wako, watoto wako. Nyinyi mlikunywa maji gani?"

Hapo ndipo alipoangalia chini. "Tangi ya karakana."

Nilimwachia chai yake. Nilitembea mpaka stesheni, nikakosa treni mbili nikiwa nimesimama palepale kwenye jukwaa. Nilikuwa nimemwogesha mke wake, mama aliyechota maji safi wakati Nekesa anajichana juu ya pipa. Sikurudi wiki tano. Alipiga simu, sikushika. Niliomba ajensi wasinipangie Southall tena.

Kilichonirudisha ni tarehe ya Strake. Ilibaki siku nne. Nilijisemea, hasira yangu ni yangu, nitakuwa nayo mpaka nife, lakini bloku ya saba haina siku nyingi hivyo. Nikampigia. Alishika kabla haijaita mara ya pili.

"Utaapa?" nikamwuliza.

"Wakili ni kesho saa nne. Nilikuwa nangoja wewe uje kushuhudia."

Wakili alikuwa na chumba juu ya duka la vitambaa, ngazi nyembamba. Fundi alipanda akipumzika kila ngazi ya tatu. Alikuwa amekonda, kilemba kimekuwa kikubwa kuliko uso. Mwanawe mkubwa alikuwa ameshafika, mtu wa suti, rika langu. Tulijuana kwa kusalimiana mlangoni tu. Alianza na mimi, Kiswahili chake kimeshika kutu lakini kipo.

"Dada, tafadhali. Wewe unaona watafanya nini? Watasema ni fundi Mhindi aliyewapa sumu. Ancaster atakuwa msafi. Jina letu litabaki kwenye magazeti."

"Namba yangu ilibaki kwenye bati," nikamwambia.

"Baba ana miaka themanini na tatu."

"Kaka yangu ana kumi na mmoja. Hajaongeza."

Akamgeukia babake, Kipunjabi, haraka haraka. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamjibu kwa Kiswahili, na nilielewa kwamba alitaka mimi nisikie.

"Wewe ulikuwa na miaka tisa. Ulicheza mpira na huyo Wafula. Ulikunywa maji ya tangi, ndiyo sababu una suti." Akamgonga wakili mkononi. "Andika hiyo pia. Andika mtoto yangu alikunywa ya tangi."

Wakili akasema hilo halihitajiki, na linaweza kumdhuru yeye mwenyewe.

"Andika."

Likaandikwa. Saa mbili tulikaa pale. Kila wakili alipoandika kwamba mapipa "yalikatwa" na "yalipakwa rangi," Fundi alimsimamisha. Nani alikata? Mimi. Nani alipaka? Mimi. Nani alisema? Trevor Ancaster, alisimama mlango wa karakana, kaptura ya kaki, sigara mkono wa kushoto. Wakili alifuta, akaandika upya, mara sita au saba. Kisha Fundi akatoa daftari, akafungua ukurasa wa Lodamia, na kwa mwandiko wake mbaya akajaza mwenyewe ule upande wa kulia. Ancaster aliamuru. Chini yake akaandika jina lake yeye, lote, la baba na la ukoo, na neno "alitenda."

Mwanawe alikuwa dirishani, ametupa mgongo.

Tulipokuwa tunashuka ngazi alinishika kiwiko, maana sikio la kulia halisikii na alitaka niwe upande wa kushoto.

"Fundi, sijakusamehe," nikamwambia. "Usije ukadhani."

"Mimi sikuomba hiyo," akasema. "Niliomba ushuhudie."

Barabarani alisimama kuvuta pumzi, watu wakatuzunguka na mifuko yao ya mboga. Akaniambia niandike haya yote, kwa Kiswahili, kwa watu wetu, kwa sababu kiapo kile ni cha Kiingereza na watakifungia kabatini. Akasema jina lake nisiliweke. Nikamwambia hilo ni woga. Akasema hapana, liko kwenye kiapo, wenye kulihitaji wanalo, na hapa likitokea watu watalikamata hilo wakae nalo, wamwache aliyeamuru aende zake. Nikalifikiria siku nyingi. Nimeliacha nje. Kwa mara hii tu nimemsikiliza.

Kiapo kilifika ofisi ya Lodermere siku mbili kabla ya tarehe yao. Tuna risiti, imesainiwa. Mpaka leo hakuna jibu. Askari wa lango la Lodamia ametutumia picha: mashine ya kung'oa miti imeshaletwa, imesimama bloku ya sita.

Kwa hiyo naongea na nyinyi sasa, kwa majina.

Philippa Strake, ulitaka mtu wa karakana, umempata. Umeulizwa kwa maandishi kama makaburi kumi nyuma ya bloku ya saba yatazungushiwa ua kabla mashine haijafika. Hilo ni jibu la ndiyo au hapana. Usinielewe maumivu. Nijibu.

Na wewe, Trevor Ancaster. Tunajua uko hai, kwenye nyumba ya pwani ya nchi hii, na una mtu anayekuja asubuhi kukuvalisha soksi, mtu wa kazi kama yangu. Aliyekata amesema alikata. Aliyepaka amesema alipaka, na ameweka jina. Limebaki neno moja, lako. Ulipomwambia afunike lile fuvu kwa rangi, ulikuwa unajua nani atakunywa. Sema ulijua, ukiwa na pumzi, mbele ya wakili, kama mwenzako alivyofanya. Mama yangu alipiga magoti kwenye kokoto zako akiuliza nini kinaua watoto. Ulikuwa na jibu siku ile. Litoe.